Sisimizi Darini: Nani Hasa Anaharibu Mbao za Nyumba Zetu?

(Mhadhara uliotolewa mjini Moshi mbele ya mafundi, walimu, viongozi wa mitaa na wenye nyumba)

   

Madhumuni yangu ni mawili. Kwanza, nataka tukitoka hapa kila mmoja wetu aweze kupanda ngazi, kufungua dari yake, kumtazama mdudu atakayemkuta kwenye mbao, na kusema kwa uhakika ni nani na amefuata nini. Pili, nataka kutetea jambo ambalo baadhi yenu huenda msilikubali mara moja: kwamba sisimizi wakubwa weusi au wekundu tunaowakuta kwenye mbao za paa wamekuja kwa sababu nyumba imeshaanza kuharibika kabla yao. Fedha tunayoitumia kuwapulizia dawa ingefaa zaidi ikinunua bati, misumari na gata. Nina hoja tano. Ya pili na ya tatu nitazikalia zaidi, kwa kuwa ndiko fedha na nyumba za watu zinakopotelea.

Hoja ya kwanza: mjue mdudu kabla ya kununua dawa

Mtu akiona mdudu kwenye mbao husema ni mchwa, kisha huenda dukani. Nawaomba, kabla ya hapo, mchukue mdudu mmoja, mumweke juu ya karatasi nyeupe na kumtazama kwa makini kwenye mwanga.

Sisimizi ana kiuno chembamba sana, kama uzi uliofungwa katikati ya mwili. Vipapasio vyake vimekunjika mahali pamoja mfano wa kiwiko cha mkono. Mchwa hana kiuno. Mwili wake ni mnene moja kwa moja kutoka kifuani hadi tumboni, rangi yake imepauka, na vipapasio vyake vimenyooka, vimeundwa kwa vipande vidogo vya mviringo mithili ya shanga. Kinasaba viumbe hawa wako mbalimbali kabisa: sisimizi ni ndugu wa nyuki na nyigu, mchwa ni ndugu wa mende.

Wenye mabawa ndio huwachanganya wengi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hujaa kwenye taa, na asubuhi tunafagia mabawa sebuleni. Wale ni mchwa walioota mabawa ili kwenda kuanzisha makao mapya. Mabawa yao manne yana urefu unaolingana na huchomoka kirahisi. Sisimizi nao hutoa wenye mabawa, lakini yao ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Ukikuta rundo la mabawa yanayolingana chini ya dirisha, na kumbikumbi wenyewe wanatokea ndani ya ukuta au kwenye ufa wa sakafu, hilo ni jambo la kushughulikia wiki hiyohiyo.

Sasa tazameni uchafu. Sisimizi wa mbao, ambao wataalamu huwaweka katika jenasi ya Camponotus, hawali mbao hata kidogo. Wanaitafuna ili wapate vyumba vya kulelea watoto, kisha wanatupa nje walichokitafuna. Kwa hiyo chini ya makao yao utakuta vumbi la chengachenga, na ndani yake miguu na vichwa vya wadudu waliowala. Mchwa wa ardhini hana vumbi la kutupa, anaacha njia za udongo ukutani, nene kama penseli. Bungua wa mbao kavu, ambaye ndugu yake wakulima wa kahawa mnamfahamu vizuri kwa namna anavyotoboa mashina, hutoa unga laini kupitia matundu madogo ya duara. Na yuko mchwa wa mbao kavu, anayepatikana zaidi pwani, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, ambaye huletwa bara ndani ya samani. Huyu huacha punje ndogo ngumu zenye pande sita, ukizishika unadhani ni mbegu.

Kama humjui mdudu, angalau jua uchafu. Fagia chini ya mahali unapopashuku, tandika gazeti usiku, asubuhi soma kilichoanguka.

Hoja ya pili: sisimizi wa mbao hufuata maji

Ushauri mwingi unaotufikia kuhusu sisimizi hawa umeandikwa kwa ajili ya Marekani na Kanada, ambako nyumba nzima husimamishwa kwa mbao, kuta na sakafu pamoja. Huko yupo Camponotus pennsylvanicus, sisimizi mkubwa mweusi, na ni kweli anawatia watu hasara. Sisi tunajenga kwa tofali na bloku. Mbao zetu ziko kwenye kenchi, kwenye papi za kupigilia bati, kwenye fishabodi, kwenye milango na madirisha, na kwa walio nazo, kwenye dari. Sisimizi wengine wa jenasi hiyo ya Camponotus wako wengi sana Afrika Mashariki, na wengi wao hukaa ardhini, chini ya mawe na ndani ya magogo yaliyooza. Akiingia kwenye nyumba yako, anatafuta mahali panapofanana na gogo lililooza. Akipapata, maana yake unapo.

Niwaeleze mfano wa jiko moja la Kibosho. Mwenye nyumba alikuwa akiwaona sisimizi wakubwa kila usiku wakishuka ukutani kuelekea kwenye bakuli la sukari. Alikwishapuliza dawa mara kadhaa. Walitoweka siku chache, wakarudi. Tulipotoa ubao mmoja wa dari, vumbi la mbao lilitumwagikia, limechanganyika na mabawa ya nzi na miguu ya wadudu. Tulifuata kenchi hadi mwisho wake unapolala juu ya ukuta. Hapo mbao ilikuwa nyeusi na imevimba. Nilisukuma bisibisi kwa mkono mmoja, ikazama hadi kwenye mpini. Tulipokata kipande hicho tukakuta vyumba vya sisimizi, kuta zake laini kana kwamba zimepigwa msasa, na watoto weupe wamepangwa ndani. Juu kabisa, msumari wa bati ulikuwa umelegea na tundu lake linapitisha mwanga wa jua. Kila mvua iliponyesha, maji yaliingia pale na kuteremka juu ya mbao ileile. Dawa haikuweza kufaulu, kwa kuwa tundu lilibaki wazi muda wote.

Nawapa tarakimu mbili za kukumbuka. Mbao iliyokauka vizuri ndani ya nyumba hukaa na unyevu wa takribani asilimia 12 hadi 15. Ikivuka asilimia 20 na kubaki hapo, kuvu wa kuozesha hupata nafasi, mbao hulainika, na hapo taya za sisimizi huweza kufanya kazi kwa urahisi. Moshi mjini tunapata wastani wa milimita 900 hivi za mvua kwa mwaka. Ukipanda kuelekea Marangu, Machame au Kibosho mvua inaongezeka sana, na ukungu unakaa juu ya paa asubuhi nzima. Nyumba ya Kibosho haiwezi kupauliwa kwa uzembe uleule unaosameheka Kahe, kule chini kusiko na mvua nyingi.

Lipo pia jambo la kihistoria ambalo wazee watalithibitisha. Katika nyumba za msonge za babu zetu, moto uliwaka ndani karibu kila siku, na moshi ulipanda ukapita kwenye miti ya paa. Miti ile ilikaushwa na kupakwa masizi mwaka mzima. Sisemi turudi kuvuta moshi ule, maana mapafu ya mama zetu yanajua gharama yake. Nasema tumeondoa kikaushio bila kuweka kingine. Tumeezeka bati, tukaziba chini kwa jipsamu, na katikati tumeacha chumba chenye giza kisichopitisha hewa, ambamo mvuke wa jikoni hupanda na kugeuka matone chini ya bati lililopoa usiku. Toboeni matundu ya hewa kwenye fishabodi na kwenye pembe za ukuta wa juu, mweke wavu wa chuma, hewa ipite.

Kisha angalieni nje. Kihamba chetu, yaani shamba linalozunguka nyumba, ni fahari yetu, lakini migomba, kahawa na mparachichi vimesogea hadi ukutani. Sisimizi hawa hupenda utamu unaotolewa na vidukari na vidugamba kwenye majani. Huko ndiko wanakopata sehemu kubwa ya chakula chao. Tawi linalogusa bati ni daraja lao. Kata matawi yawe mbali na paa kwa hatua moja ya mtu mzima. Ondoa kuni na mabanzi yaliyoegemezwa ukutani. Na kama mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita karibu na nyumba, hakikisha maji yake hayachuruziki kwenye msingi.

Namna ya kuyapata makao yao ni hii: toka saa tatu au saa nne usiku, wakati wanapotembea zaidi. Funika tochi kwa karatasi au kitambaa chekundu, kwa sababu mwanga mwekundu hauwashtui. Weka tone la asali ukutani, subiri, kisha mfuate anayerudi na tumbo lililojaa. Atakupeleka nyumbani kwake. Akikuuma usishtuke, hana mwiba, ila hupulizia asidi kwenye jeraha na panawasha.

Hoja ya tatu: hofu yetu ipelekwe kwa mchwa

Nimewatetea sisimizi kwa muda mrefu ili niweze kusema hili kwa uzito wake: anayeangusha nyumba katika mkoa huu ni mchwa wa ardhini, hasa jenasi za Macrotermes na Odontotermes. Hawa hula mbao nzima kavu. Ukweli ni kwamba hawawezi kuimeng'enya peke yao. Huibeba hadi chini ya ardhi, huilundika, na juu yake hulima kuvu wanaoitwa Termitomyces, kisha hula kile kuvu walichokilainisha. Ule uyoga mkubwa mtamu unaoota kwenye kichuguu baada ya mvua ni tunda la shamba lao. Ushirikiano huo una umri wa takribani miaka milioni 30. Tunashindana na wakulima wenye uzoefu kuliko sisi.

Waingereza walipojenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, walitumia mataruma ya chuma kwa sehemu kubwa ya njia badala ya mbao, na mchwa walikuwa miongoni mwa sababu. Wahandisi wale waliamua kutompa mchwa kitu cha kula. Kanuni hiyo bado ni bora kuliko dawa yoyote iliyo dukani.

Mchwa wa ardhini hutoka kwenye udongo na lazima arudi kwenye udongo, kwa sababu ngozi yake ni laini na jua humkausha. Ndiyo maana hujenga njia zake za udongo. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kumlazimisha aonekane. Mbao isiguse ardhi. Fremu ya mlango isizamishwe kwenye udongo chini ya sakafu. Vipande vya mbao na mifuko ya saruji iliyobaki visifukiwe ndani ya kifusi cha msingi, jambo ambalo mafundi wetu hulifanya kila siku wakidhani wanasafisha eneo; kumbe wanamwekea mchwa chakula cha kuanzia chini ya jamvi la sakafu. Zege la jamvi limwagwe bila nyufa na lishindiliwe vizuri. Kuzunguka nyumba, acheni mkanda wa sentimita 15 au zaidi za msingi unaoonekana, usiofunikwa na maua wala udongo, ili njia ya mchwa ikipanda muione.

Mkiiona, ibomoeni kipande cha kiganja kimoja, kisha mrudi baada ya siku mbili au tatu. Ikiwa imezibwa upya, wamo na wanafanya kazi. Ikibaki wazi, huenda wamehama, lakini endeleeni kuangalia.

Kuna wanaochimba kichuguu na kumtoa malkia. Kwa Macrotermes wenye kichuguu kikubwa njia hii huweza kufaulu, ingawa vichuguu vingine huwa na malkia zaidi ya mmoja. Kwa Odontotermes, ambao mara nyingi hawana kichuguu cha kuonekana, utachimba kihamba chote. Kuhusu kuchoma ncha za nguzo kabla ya kuzisimika, moto hugeuza mkaa ganda la nje tu. Nguzo ikipasuka, mchwa hupita kwenye ufa.

Na hapa nirudi kwa sisimizi kidogo. Maadui wakubwa wa mchwa duniani ni sisimizi. Wapo sungusungu weusi wa jenasi ya Megaponera ambao hutembea kwa safu, huvamia mchwa na kurudi na mawindo mdomoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Côte d'Ivoire ulionyesha kwamba huwabeba hata majeruhi wao kurudi nyumbani. Siafu nao wakipita usiku, wazee wetu waliwapisha, wakatoa watoto na kuku nje, wakarudi asubuhi wakakuta nyumba haina mende wala panya. Zanzibar, katika miaka ya 1950, watafiti walionyesha kuwa sisimizi waitwao majimoto juu ya minazi hulinda nazi dhidi ya mdudu anayeziharibu. Anayepuliza sumu kila penye sisimizi anawaondoa walinzi hao wote.

Hoja ya nne: mbao yenyewe

Tangu mwaka 2005 msitu wote wa asili wa mlima umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ni haki iwe hivyo. Kamfa, yaani mkulo, na loliondo za zamani zilizodumu kwenye makanisa na shule zetu hazitarudi madukani, na asiwepo mtu hapa wa kuzitafuta kwa njia ya giza. Tunajenga kwa saiprasi na paina za mashamba ya West Kilimanjaro na Rongai, na kwa grevilea na mringaringa za vihamba. Hizo zinatosha, tukizitendea haki.

Kuzitendea haki ni hivi. Kiini cha mti, ile sehemu nyeusi ya ndani, hustahimili wadudu kuliko sehemu nyeupe ya nje. Miti inayokatwa michanga ina sehemu nyeupe karibu yote, na bungua hupenda sana weupe wa miti ya majani mapana. Anikeni mbao kivulini, mkiweka vijiti kati ya safu na safu, kabla ya kuzipandisha. Mbao mbichi iliyofungiwa chini ya bati hukaribisha kila mdudu niliyemtaja leo. Kwa kenchi za paina, nunueni zilizotiwa dawa kwa mgandamizo kiwandani. Na msiridhike na rangi ya kijani. Mwombe muuzaji akate kipande cha kati, si cha mwisho. Dawa ikiwa imeingia, utaona rangi imezama ndani ya sehemu nyeupe. Ikiwa ni kijani juu na nyeupe nusu milimita chini, hiyo imechovywa tu. Hapa Moshi tuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, kinachofundisha vijana elimu hii hasa. Mafundi, vijana hao wapeni kazi.

Hoja ya tano: sumu ije mwisho

Aldrini, dieldrini na klorideni zilikuwa dawa za mchwa zilizosifiwa sana duniani, kwa sababu hazikuisha udongoni. Kwa sababu hiyohiyo zikawekwa kwenye orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kwetu suala hili halina mbali: maji yanayopita kwenye mifongo yetu huingia mtoni, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu huvua samaki, na kutoka hapo huendelea na mto Pangani hadi baharini. Unachomwaga kwenye msingi Uru, mwenzako atakutana nacho.

Ikibidi kutumia dawa chini ya jamvi, itumike kabla ya kumwaga zege, na mtu aliyefunzwa. Chupa iwe na lebo inayosomeka na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yako jirani, Ngaramtoni. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda msiinunue hata kwa shilingi mia. Oili chafu msipake ndani ya nyumba ya kuishi.

Kwa sisimizi waliobaki baada ya kuziba maji na kukata mbao iliyooza, kuna chambo rahisi: maji ya sukari yenye asidi ya boriki kwa kiwango kidogo, asilimia 1 tu. Kikizidi, sisimizi atafia njiani. Kikiwa kidogo, atafikisha nyumbani na kuwalisha malkia na watoto. Kiwekwe ndani ya kopo lililotobolewa, mbali na mikono ya watoto na midomo ya kuku.

Ndugu zangu, yapo mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya peke yake. Naomba viongozi wa mitaa waweke ukaguzi wa msingi kabla ya zege kumwagwa, walau kwa shule na zahanati zetu. Naomba walimu wawape wanafunzi kazi ya kukusanya wadudu wa mbao wa kata zao, ili baada ya miaka michache tuwe na ramani yetu wenyewe inayoonyesha nani anakaa Himo na nani anakaa Machame. Naomba mafundi wa kupaua waandike kwenye makubaliano yao kwamba watarudi baada ya masika ya kwanza kukaza misumari.

Na kwa kila mwenye nyumba: masika huanza Machi. Kabla ya hapo, chukua ngazi, tochi na bisibisi, upande darini ukague mwisho wa kila kenchi.